Sindano, Karanga na Mwaka wa Kuzaliwa: Homa ya Ini Kampala

Kwa muda mrefu mkosaji wa magonjwa ya ini alitafutwa jikoni. Mwaka 1954 Hugh Trowell, J.N.P. Davies na R.F.A. Dean, madaktari watatu waliofanya kazi Kampala, walitoa kitabu kikubwa juu ya unyafuzi (kwashiorkor), utapiamlo wa watoto. Katika maandishi ya kitabibu ya zama hizo dhana moja ilikuwa ikienda mkono kwa mkono na ugonjwa huo: kwamba ini la Mwafrika huanza kuharibika utotoni kwa kukosa protini. Davies alikuwa na sababu ya kuuliza. Alikuwa mtaalamu wa patholojia, na katika Daftari la Saratani la Kampala, alilolianzisha 1951, saratani ya ini ilijitokeza kwa kiwango ambacho wenzake wa Ulaya hawakukizoea. Tena haikuwapata wazee tu, iliwapata wanaume wenye nguvu zao. Matoke na mihogo vikabebeshwa lawama.

Dhana hiyo ilikuwa na tundu. Saratani ya ini ilikithiri Karamoja, nchi ya ng'ombe na maziwa, kuliko kusini kwa wala ndizi. Ikabidi atafutwe mtuhumiwa mwingine, naye akatokea Uingereza mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa karanga zilizoota ukungu. Sumu ya ukungu huo ikaitwa aflatoksini. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, Profesa Michael Hutt na wenzake kutoka Marekani walikusanya sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa majumbani katika sehemu mbalimbali za Uganda. Matokeo yaliyochapishwa 1971 yalionyesha kuwa karibu asilimia 30 zilikuwa na sumu hiyo, na Karamoja ilikuwa mbele. Anayejua mchuzi wa karanga ulivyo kitu cha kila wiki mjini Kampala hawezi kuisoma habari hiyo bila kuwaza chungu cha nyumbani kwake.

Wakati huohuo mtuhumiwa wa tatu alikuwa tayari mlangoni. Mwaka 1965 Mmarekani Baruch Blumberg alieleza protini ngeni aliyoikuta katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Baadaye ikabainika kuwa ni ganda la kirusi cha homa ya ini aina ya B. Kampala nako Taasisi ya Saratani ya Uganda ilikuwa imeanza kazi katika hospitali ya Mulago mwaka 1967. Mwaka 1970 Charles Vogel, Peter Anthony na wenzao walitangaza katika jarida la Lancet kuwa protini hiyo ilionekana kwa wagonjwa wa saratani ya ini wa Uganda mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wengine. Karanga hazikuachiwa huru. Leo inajulikana kuwa aflatoksini na kirusi hicho vikikutana katika ini moja hatari huwa kubwa mno kuliko ya kimoja peke yake. Ila swali likageuka. Kabla ya hapo liliulizwa: watu hawa wanakula nini? Sasa likawa: kirusi kiliwaingiaje?

Hapo ndipo historia ya tiba yenyewe inapoingia kizimbani. Malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1906 Robert Koch alipiga kambi visiwa vya Ssese akiwadunga wagonjwa dawa ya aseniki iitwayo atoksili. Baadhi yao walipofuka. Mulago ilizaliwa mwaka 1913 kama hospitali ya magonjwa ya zinaa, baada ya daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, kuipigia kelele serikali kwamba kaswende inawamaliza Waganda, madai ambayo wanahistoria wengi wanaona yalitiwa chumvi. Dawa ya kaswende ilikuwa sindano. Ya buba ilikuwa sindano. Kisha ikaja penisilini, na vidonda vya buba vikakauka mbele ya macho ya watu kwa dozi moja. Nani asingeipenda sindano baada ya hapo? Mgonjwa aliyetoka kliniki na vidonge tu alijiona kapunjwa.

Sindano za wakati huo zilikuwa za chuma na kioo. Zilichemshwa, au zilipanguswa tu, kisha zikatumika tena. Si kwamba dalili hazikuwahi kuonekana. Wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Bremen, Ujerumani, waliochanjwa ndui mwaka 1883 kwa maji yaliyotoka mwilini mwa watu wengine, walipata manjano baadaye. Mwaka 1942 makumi ya maelfu ya askari wa Marekani waliugua manjano kwa chanjo ya homa ya manjano iliyochanganywa na majimaji ya damu ya binadamu. Mwaka 1947 Mwingereza MacCallum akaipa homa ya ini ya chakula na maji herufi A, na ile ya damu herufi B. Misri ilikuja kulipa gharama kubwa kuliko wote: kampeni ya sindano dhidi ya kichocho, iliyoendelea hadi miaka ya 1980, ilieneza aina ya C kwa mamilioni.

Uganda haikuangukia shimo hilo la Misri, lakini ilikuwa na lake. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, na wataalamu wengi wakakimbia katika miaka iliyofuata, hospitali zilibaki majengo. Dawa zikahamia madukani, na sindano ikahamia nyumbani. Harriet Birungi, aliyechunguza jambo hili katika miaka ya 1990, alikuta familia zinanunua sirinji zao, kuzitunza, na kuzibeba kwenda nazo kwa mdungaji, awe muuguzi wa kweli au jirani aliyejifunzia mkononi. Ukimwi uliipa desturi hiyo nguvu: watu walisikia kwamba sindano ya hospitali inaweza kuua, wakaamua kuiamini ya nyumbani. Kwa Ukimwi uamuzi huo ulikuwa na akili. Kwa homa ya ini B ulikuwa mtego, kwani kirusi hicho huambukiza kwa urahisi mara 50 hadi 100 kuliko VVU, na huishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Sirinji moja ya baba, mama na watoto watano haikuguswa na mgeni, wala haikumhitaji mgeni ili kueneza kirusi.

Watoto ndio kiini cha jambo lote. Mtu mzima akiambukizwa aina ya B, zaidi ya mara tisa kwa kumi mwili wake utakifukuza kirusi wenyewe. Mtoto mchanga akiambukizwa na mamaye wakati wa kuzaliwa, hali ni kinyume kabisa: karibu tisa kati ya kumi watabaki nacho maisha yote. Kwa hiyo mtu wa miaka 40 anayeletwa Mulago na tumbo lililojaa maji huenda analipia wembe wa chale, sindano au uzazi wa miaka 40 iliyopita. Kumuuliza alilala na nani mwaka jana ni kumwonea.

Nasema hivi kwa sababu orodha za makundi ya hatari huanza na wanaofanya biashara ya ngono, wanaojidunga dawa za kulevya, wanaume wenye wapenzi wengi. Ni kweli wako hatarini, na kliniki inayowahudumia pale Mulago, MARPI, ina kazi ya kutosha. Lakini tazama takwimu. Damu iliyokusanywa katika uchunguzi wa kitaifa wa VVU wa 2004–2005 ilionyesha Mganda mmoja kati ya kumi ana aina ya B. Katika sehemu za kaskazini ilikuwa karibu mmoja kati ya watano, na kusini magharibi kama wanne kwa mia. Ngono haikuwa nyingi kaskazini mara tano kuliko Mbarara, huko kusini magharibi. Kilichokuwako kaskazini ni vita vya miaka 20, kambi za wakimbizi wa ndani, zahanati zisizo na vifaa, na watoto waliosongamana.

Kambi hizohizo zilileta aina ya E, inayopita majini. Mlipuko ulioanza Kitgum, kaskazini, mwishoni mwa 2007 uliwapata watu zaidi ya 10,000 na kuua takriban 160, na wajawazito waliumia kuliko wanawake wengine. Kampala yenyewe, katika mitaa ya mabanda ya Bwaise na Katanga ambako choo na kisima hukaa bega kwa bega, aina ya A huwapata watoto mapema na kwa wepesi, hata isitambuliwe.

Kundi lililopuuzwa kwa aibu zaidi lilivaa sare nyeupe. Utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu wafanyakazi 370 wa Mulago ulikuta asilimia 8.1 wana aina ya B, asilimia 67.8 wamewahi kuchomwa na sindano kazini, na waliochanjwa ni asilimia 6.2 tu. Chanjo ilikuwa imekuwepo duniani tangu mapema miaka ya 1980. Hospitali kubwa kuliko zote nchini iliwaacha wengi wa wauguzi wake bila kinga.

Mwaka 2002 Uganda iliingiza kinga ya aina ya B katika chanjo ya watoto inayokinga magonjwa matano, ikitolewa wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta watu wazima wenye kirusi wakiwa asilimia 4.3, na watoto chini ya asilimia 1. Wiki ya sita, hata hivyo, humkuta amechelewa mtoto ambaye mama yake anacho. Huyo anahitaji kudungwa ndani ya saa 24.

Siku hizi vijana wa Kampala wanaotafuta kazi za ndani au ulinzi Saudi Arabia na Oman hupimwa damu kabla ya viza, na homa ya ini B imo katika orodha. Wapo wanaoijua hali yao hapo kwa mara ya kwanza, kwa kuambiwa hawafai. Dada aliyezaliwa 1999 anaweza kurudishwa na mdogo wake wa 2004 akapita, wamelelewa chumba kimoja, mswaki mmoja na wembe mmoja. Anayerudishwa hupewa karatasi ya majibu na kurudi mtaani, ilhali dawa ya kukituliza kirusi chake, tenofovia, ni ileile inayogawiwa kwenye kliniki za VVU za mji huohuo.