Mvua, Maradhi na Sanduku Letu

Kikundi chetu kilianza Februari 2015 hapa Kigogo, tukiwa akina mama 22: mama lishe, wauza vitumbua, wakaanga samaki, wenye magenge na wa mitumba. Historia yake hatuwezi kuieleza bila kuutaja Mto Msimbazi. Mto huu unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya Dar es Salaam hadi baharini, na sisi tuko ubavuni mwake.

Mafuriko si mageni kwetu. Tunazikumbuka mvua za El Nino za 1997 na 1998. Lakini za Desemba 2011 zilitisha: watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini, na familia nyingi za bondeni zikapelekwa Mabwepande. Wapo waliohamia kisha wakarudi, maana mteja wa vitumbua wa saa kumi na mbili asubuhi utampata wapi kule? Wataalamu wanaeleza kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, hivyo mvua ikija inamwagika kwa mkupuo. Takataka nazo zinaziba mto, na tusidanganyane, nyingine tulitupa wenyewe.

Kikundi kilikuwa na miezi sita tu kipindupindu kilipoingia jijini, Agosti 2015. Bondeni ugonjwa huo una njia yake: maji yakijaa, vyoo vya shimo vinafurika, na wapo wanaosubiri mvua ili watapishe vyoo vyao usiku. Kisima kikishaingiliwa, basi tena. Sisi tuliokuwa tukiuza chakula barabarani tulizuiwa. Kuzuiwa kulikuwa sawa kiafya, lakini marejesho ya mkopo hayakuzuiwa. Katiba yetu ilisema anayechelewa rejesho anapigwa faini, nasi tukapiga. Wiki tatu mfululizo tuliwatoza wenzetu ambao masufuria yao yalikuwa yamefunikwa uvunguni. Mmoja wao alikuwa anauguza mtoto. Alikuja kikaoni akaweka kijitabu chake mezani, akasema, "Jamani, nipeni changu niende zangu."

Siku hiyo kikundi nusura kife. Tulibishana mpaka magharibi. Wengine walisema sheria ni sheria, fedha hizi si za mtu. Mwishowe tulikubaliana faini zote zirudishwe na mfuko wa jamii, ambao awali ulikuwa wa misiba tu, uwahudumie pia walioharibikiwa na mvua au maradhi. Yule mama alichukua kijitabu chake, na leo ni mweka hazina.

Uamuzi ule umetusaidia mara nyingi. Aprili 2018 maji yaliingia ndani ya nyumba zetu. Unga, mkaa na mabelo ya mitumba vikaharibika, na njia ya Jangwani ikafungwa, kwa hiyo hata kwenda kununua bidhaa Kariakoo ilikuwa shida. Sanduku tuliliokoa kwa kulibeba kichwani, maji kiunoni. Mwaka 2019 ikaja dengi. Mbu wake anauma mchana na anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama, kwa mfano kwenye ndoo na matairi, ndiyo maana chandarua cha usiku peke yake hakikutosha. Mama mwenye dengi halali tu siku mbili akainuka. Viungo vinauma, hawezi kusonga ugali. Joto nalo halisemwi sana, lakini aliyekaa mbele ya jiko la mkaa chini ya bati mwezi Februari anajua kwa nini siku hizi tunafunga saa saba.

Mvua za 2024 ziliua watu 155 nchini kati ya Januari na Aprili, kwa taarifa ya Waziri Mkuu bungeni. Wakati huo mradi wa Bonde la Msimbazi ulikuwa umeanza kulipa fidia, na nyumba zikabomolewa. Wenzetu saba waliondoka. Wanne bado wanakuja Jumamosi, mmoja akitokea Chanika kwa daladala mbili.

Huyo wa Chanika ndiye mwenye ufunguo wa tatu wa sanduku. Masika yaliyopita barabara ilikatika, hakufika, na sanduku halikufunguliwa wakati mwanachama alihitaji fedha za hospitali. Tulichanga mifukoni. Suala la ufunguo ndilo ajenda ya kwanza ya mkutano mkuu ujao.