Habari za Mlio Ugongao katika Injini Kuukuu
Chama chetu Kikuu hakikuanza na magari mapya. Kila aliyepata kuendesha lori kuukuu la petroli, lililosheheni magunia na kupanda mlima, ameusikia mlio ule mkali, kama kokoto zitikiswazo katika debe. Dereva apunguzapo mafuta, hunyamaza. Kwa kuwa kijitabu hiki ni cha kukumbuka yaliyopita, tumeona vema tueleze asili yake.

Kwanza fundi hana budi kubagua. Mlio mwepesi ufuatao mwendo wa injini, hata gari likiwa limesimama, mara nyingi ni wa tapeti zilizolegea. Kishindo kizito cha chini, kipunguacho waya wa plagi moja uchomolewapo, huonyesha beringi iliyolika katika silinda hiyo. Wazee wa gereji huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma na mpini sikioni, nayo njia hiyo yafaa hata leo. Lakini mlio wa mlimani asili yake si chuma kilicholegea.

Jambo hilo lilichukua miaka kujulikana. Katika mwaka wa 1912 motokaa za Cadillac huko Marekani zilianza kuuzwa zikiwa na mtambo wa umeme wa kuwashia injini, kazi ya Charles Kettering. Zilipogonga, watu waliulaumu umeme wake. Mwaka 1916 msaidizi wake, Thomas Midgley, alianza kuitafuta sababu mjini Dayton. Kwa chombo cha kuonyesha msukumo wa gesi ndani ya silinda, aliona kuwa mlio hutokea baada ya cheche, si kabla yake: petroli isiyoungua bado hubanwa, hupata joto, kisha hulipuka yote kwa ghafula. Umeme haukuwa na hatia.

Midgley alidhani petroli yenye rangi nyekundu ingefyonza joto upesi. Kwa kukosa rangi alitia iodini, na mlio ukapungua; alipopata rangi zenyewe, hazikufaa kitu! Desemba 1921 alifikia tetraethili ya risasi, ambayo kiasi kidogo tu kilinyamazisha injini. Alijua pia kwamba spiriti, itokayo katika nafaka na miwa, hutuliza mlio uleule, na hapo sisi wakulima hatuwezi kupita bila kuguna. Lakini risasi ilihitajiwa kidogo mno, tena uvumbuzi wake uliweza kumilikiwa. Spiriti ilikuwa ya kila mtu.

Petroli ya risasi ilianza kuuzwa Dayton Februari 1923. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walirukwa na akili, wakafa. Midgley, ambaye mwenyewe alikuwa ameugua kwa sumu hiyo, aliinawa mikononi mbele ya waandishi wa magazeti. Daktari Alice Hamilton alionya mwaka 1925, na biashara ikaendelea. Kwa miaka mingi watoto wa mijini waliuvuta moshi huo, ambao hudhuru ubongo.

Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006. Algeria, ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, ilimaliza Julai 2021. Tangazo lilitolewa Agosti 30 na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni Nairobi.

Malori kuukuu yaliyosalia hugonga bado yakitiwa petroli hafifu. Tiba yake ni kuchelewesha cheche kidogo, kukwangua masizi yaliyoganda ndani ya silinda hedi, na dereva kushusha gia kabla injini haijalemewa.