Jareer

Kwa Kisomali, jareer ni mwenye nywele ngumu, za kipilipili. Jileec ni mwenye nywele laini, za singa. Kwa kigezo hicho jareer wa Somalia wamedharauliwa, wamenyang'anywa mashamba, wamekataliwa posa. Wengi wao ni vizazi vya Wazigua, Wayao na Wamakua waliouzwa utumwani kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki karne ya 19, na hadi leo kwenye bonde la Mto Juba wapo wanaosema Kizigua. Ni ndugu zetu hao.

Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea maelfu yao kutoka kambi za wakimbizi za Kenya. Dallas na Houston ni miongoni mwa miji waliyofikia, wakiwa wameandikwa “Wabantu wa Somalia”, jina walilopewa na mashirika ya wakimbizi. Mwanazuoni Mohamed A. Eno hakulificha neno la zamani: aliliweka kwenye jalada la kitabu chake cha 2008, akauita ubaguzi huo apatheidi. Naona alifanya haki, maana jina jipya pekee halirudishi shamba.

Waandishi wenzangu, kabla ya kuwataja watu hawa, waulizeni wanajiitaje.