Bunduki ya kaliba ndogo ya kuwindia wanyama waharibifu

Bunduki ya kaliba ndogo ya kuwindia wanyama waharibifu ni bunduki yenye mifuo ndani ya mtutu, inayofyatua vichwa vya risasi vyembamba, kwa kawaida vya kipenyo cha milimita 4.4 hadi 5.7. Hutumika kuua wanyama wadogo wanaoharibu mazao, malisho au mifugo. Aina hii ilikuzwa zaidi Marekani, hasa kati ya 1930 na 1970. Sifa yake kuu ni usahihi: mnyama anayelengwa ni mdogo, mara nyingi yuko mbali, na sehemu ya mwili inayofaa kupigwa haizidi upana wa kiganja. Kwa hiyo mnunuzi makini hutanguliza maswali mawili kabla ya kutazama bei au chapa: mnyama atakuwa umbali gani, na nyuma yake kuna nini.

Wanyama wanaowindwa

Katika nyika za magharibi mwa Marekani huwindwa zaidi kindi wa ardhini wa jenasi Cynomys. Mnyama huyu ana uzito wa kilo 1 hivi, huishi mashimoni kwa makundi makubwa na hula nyasi ambazo wafugaji wanataka ziliwe na ng'ombe. Mashariki mwa nchi hiyo yupo marmoti, mchimba mashimo katika mashamba ya soya. Koyote huwindwa karibu kila jimbo, kwa sababu ya kondoo na pia kwa ajili ya ngozi yake. Uingereza ni sungura na mbweha. Australia vilevile, ambako sungura walienea baada ya Thomas Austin kuwaachia katika shamba lake jimboni Victoria mwaka 1859.

Si kila mharibifu anaruhusiwa kupigwa. Kindi wa Utah, mmoja wa jenasi hiyo ya Cynomys, yumo katika orodha ya wanyama wanaolindwa na serikali ya Marekani tangu 1973. Kicheche mwenye miguu myeusi, aliyedhaniwa kuwa ametoweka kabisa hadi alipoonekana tena Wyoming mwaka 1981, huishi kwa kuwala kindi wa jenasi hiyo hiyo.

Historia

Kwa miongo mingi mkulima wa Marekani alitegemea zaidi .22 Long Rifle, risasi iliyotolewa na kampuni ya J. Stevens mwaka 1887. Kichwa chake cha gramu 2.6 hutoka kwa mwendo wa mita 380 hivi kwa sekunde. Ni risasi rahisi, yenye kelele ndogo na isiyopiga teke. Lakini hushuka upesi: bunduki iliyorekebishwa kwa mita 50 hupiga zaidi ya sentimita 10 chini ya shabaha ikifika mita 100.

Mabadiliko yalianzia kwenye ghala la silaha la jeshi huko Springfield, Massachusetts, miaka ya 1920. Kundi la maofisa na wahandisi waliopenda uwindaji, miongoni mwao Townsend Whelen na Grosvenor Wotkyns, walichukua ganda la zamani la .22 WCF wakalijaza baruti ya kisasa. Winchester ilitoa risasi hiyo madukani mwaka 1930 kwa jina la .22 Hornet. Kichwa cha gramu 2.9 kikaenda mita 820 kwa sekunde, na umbali wa kuaminika ukapanda hadi karibu mita 150. Mwaka huo huo William Weaver alianza kuuza darubini ya bei nafuu ya kufunga juu ya bunduki. Mambo haya mawili kwa pamoja ndiyo yaliyouzaa mchezo wote uliofuata, kwa maana risasi ya mbali bila darubini haina faida.

Mwaka 1935 Winchester ilikuja na .220 Swift, risasi ya kwanza ya kiwandani kuvuka futi 4,000 (mita 1,219) kwa sekunde. Ilistaajabisha, na ikapata sifa mbaya ya kula mitutu. Sifa hiyo ilitiwa chumvi. Mtutu wa Swift huchakaa haraka pale mpigaji anapofyatua mfululizo hadi chuma kinakuwa cha moto, na kosa hilo huua mtutu wa risasi yoyote yenye kasi.

Mwaka 1950 Mike Walker, mhandisi wa Remington na mlenga shabaha hodari, alitoa .222 Remington. Hakurithi ganda la mtu. Alibuni jipya kabisa. Kasi yake ya mita 957 kwa sekunde kwa kichwa cha gramu 3.2 haikuwa ya kuvunja rekodi, lakini usahihi wake ulikuwa wa ajabu, na ilitawala mashindano ya kulenga shabaha kutoka mezani hadi risasi mpya za jina la PPC zilipotokea katikati ya miaka ya 1970. Ganda la .222 lilirefushwa kutengeneza .223 Remington, iliyoingia sokoni mwaka 1964 na ambayo ni ndugu wa risasi ya kijeshi ya 5.56. Mwaka uliofuata Remington iliifanya .22-250 kuwa risasi rasmi ya kiwandani, risasi ambayo mafundi binafsi walikuwa wakijitengenezea tangu miaka ya 1930 kutokana na ganda la .250 Savage.

Karne ya 21 imeleta .17 HMR (2002) na .204 Ruger (2004).

Kuchagua risasi

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Bunduki yenyewe hufuata. Hadi mita 75, .22 Long Rifle inatosha kwa sungura. Kati ya hapo na mita 150, katika shamba lenye nyumba jirani, .17 HMR ni chaguo bora: kichwa cha gramu 1.1 huenda mita 777 kwa sekunde, hakivumi sana, na huvunjika kinapogusa. Adui yake ni upepo. Zote mbili zina fataki ndani ya ukingo wa ganda, hivyo ganda likishapigwa hutupwa. .22 Hornet ina fataki katikati ya kitako cha ganda, na mwenye vifaa anaweza kulijaza upya nyumbani.

Kuanzia mita 150 hadi 300, .223 Remington ndiyo jibu la watu wengi, na ni jibu sahihi. Kichwa cha gramu 3.6 hutoka kwa mita 988 kwa sekunde kikiwa na nguvu ya jouli 1,700 hivi, bunduki haisukumi bega kwa nguvu, mtutu hudumu, na risasi zake hupatikana karibu kila duka la silaha. .22-250 hufikia mita 1,120 kwa uzito huo huo na humfaa anayepiga koyote nyanda za wazi, lakini hupasha mtutu moto haraka na hula baruti nyingi. .204 Ruger hupenya upepo vizuri kuliko udogo wake unavyoonyesha.

Aina ya kichwa ina uzito sawa na jina la risasi. Vichwa vya kazi hii vina gamba jembamba na mara nyingi ncha ya plastiki, kama V-Max ya Hornady au Ballistic Tip ya Nosler. Hupasuka ndani ya mnyama au kwenye udongo, hivyo mnyama hufa papo hapo na hatari ya kichwa kudunda hupungua. Kichwa cha kijeshi chenye gamba zima hakifai: hutoboa na kupita, mnyama akaenda kufia shimoni.

Mtutu na mifuo yake

Bunduki nyingi za aina hii zina mtutu mnene wa sentimita 61 hadi 66. Unene huo si pambo. Anayepiga kindi anaweza kufyatua mara nyingi kwa kikao kimoja, na chuma kinene huchelewa kupata moto na hutikisika kidogo. Gharama yake ni uzito: bunduki pamoja na darubini hupita kilo 4 kwa urahisi. Anayemwita koyote kwa mluzi na kuhama bonde hadi bonde achukue mtutu mwembamba.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni kasi ya mzunguko wa mifuo. Mifuo inayozunguka mara moja kila inchi 14 (sentimita 35.6) ilikuwa ya kawaida kwa .222 na .22-250 za zamani na hutuliza vichwa vyepesi tu. Kwa .223, mzunguko wa inchi 12 unatosha kichwa cha gramu 3.6; inchi 9 hukubali hadi karibu gramu 4.5, inchi 7 hukubali gramu 5. Kichwa kirefu katika mifuo ya taratibu hukosa kutulia na hufika kwenye shabaha kikiwa ubavu. Mzunguko wa inchi 9 ndio unaomfaa mnunuzi asiyejua bado atapenda kichwa gani.

Kifyatulio, kitako na darubini

Kifyatulio kivunjike kwa uzito wa kilo 1 hadi 1.5, bila kukwaruza. Kitako kisiguse mtutu. Darubini ya ukuzaji wa mara 4 hadi 16 inatosha. Zaidi ya hapo mtetemo wa hewa ya joto juu ya ardhi huharibu picha.

Usalama

Kichwa cha .22 Long Rifle, dhaifu kuliko vyote vilivyotajwa, kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1.5. Risasi hupigwa pale tu ambapo kuna kilima au udongo nyuma ya mnyama.

Sheria

Ujerumani, risasi ya kupigia paa mdogo wa huko lazima iwe na jouli 1,000 katika mita 100; .222 hupita, Hornet haipiti. Australia ilizuia bunduki zinazojipakia baada ya mauaji ya Port Arthur ya 1996, hivyo mkulima wa kawaida hutumia ya boliti, inayopakiwa kwa mkono. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Hali ya sasa

Vipande vya risi (metali ya plumbi) vinavyobaki katika mizoga ya kindi huliwa na tai na mwewe na kuwapa sumu. Kwa sababu ya sumu ya namna hiyo, California imekataza risasi za risi katika uwindaji wote tangu 1 Julai 2019. Vichwa mbadala vya shaba ni virefu zaidi kwa uzito ule ule, hivyo vinahitaji mifuo inayozunguka kwa kasi zaidi. Anayenunua bunduki kuukuu ya mzunguko wa inchi 14 aijaribu kwanza kwa vichwa vya shaba kabla ya kulipa.