Halloween ni mkesha wa watakatifu, mbona tunaiita sikukuu ya mashetani?

Kila mwezi wa Oktoba unapofika ukingoni, swali lile lile huzuka katika darasa la Kiswahili ninalofunza mtandaoni kutoka hapa Ayany, Kibera. Wanafunzi wangu ni watoto wa Wakenya wanaoishi Minnesota, Marekani. Kwao huwa ni saa nne asubuhi ya Jumamosi, kwetu saa kumi na mbili jioni. Huja mbele ya kamera wamevaa vinyago na kuuliza: "Mwalimu, Halloween ni nini kwa Kiswahili?"

Jibu rahisi ambalo wengi wetu hutoa ni "sikukuu ya mashetani". Jibu hilo lina gharama. Mzazi akilisikia kutoka chumba cha pili, atapiga simu: "Mwalimu, mambo ya ushetani, hapana!" Mtoto ataondolewa darasani, na lugha ambayo angezungumza na nyanya yake imempotea hivyo. Ndiyo maana nashikilia kuwa swali hili tulijibu kwa historia.

Jina Halloween limetokana na neno la Kiingereza cha zamani lililomaanisha mtakatifu, likaunganishwa na lile la jioni ya kuamkia sikukuu. Katika karne ya 9, enzi ya Papa Gregory IV, adhimisho la Watakatifu Wote lilithibitishwa kuwa tarehe 1 Novemba. Majira hayo hayo Wakelti wa Ireland walikuwa na sherehe yao ya mwisho wa mavuno, Samhain, wakiamini kuwa wafu hurudi kuwazuru walio hai. Mila hizo mbili zikachanganyika. Njaa kuu iliyoanza mwaka wa 1845 ilipowasukuma Waayalandi wengi hadi Marekani, walienda na mila yao. Kwao walikuwa wakichonga nyuso kwenye mboga za mizizi, jamaa ya figili; ugenini wakapata malenge, makubwa na rahisi kuchongeka.

Kiswahili, basi, kina jina tayari. Wakatoliki na Waanglikana wetu huadhimisha Sikukuu ya Watakatifu Wote kila mwaka. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1917, liko kando ya Uhuru Park, mwendo mfupi tu wa matatu kutoka Kibera. Tafsiri sahihi ni Mkesha wa Watakatifu Wote.

Na wale viumbe wa kutisha, je? Hapa pia tumezoea kuwatia wote kwenye gunia moja la shetani, ilhali kila neno lina asili yake. Shetani na jini yalitoka kwenye Kiarabu. Pepo ni Kibantu, ndugu ya upepo. Na tusisahau kuwa wema nao huenda Peponi. Mzimu ni neno kongwe kwetu: Waganda wana muzimu, Wakamba wana aimu, na maana ni roho za waliotangulia. Kutokana na mzizi huo tukapata kuzimu, makao ya wafu, na hata wazimu. Zimwi nalo ni wa ukoo huo huo, ila limebaki kuwa jitu la ngano linalokula watu, kama irimu la Wakikuyu.

Mtoto akivaa shuka jeupe, huyo ni mzimu. Akivaa meno marefu na kunguruma, huyo ni zimwi. Kwa kinyago kimoja amejifunza neno, hadithi, na kwamba mababu zake pia walikuwa na namna yao ya kuwafikiria wafu. Akiambiwa "shetani" kwa kila kinyago, anachobaki nacho ni hofu tupu.

Sisemi kila mzazi aikubali Halloween. Mwenye kuikataa kwa imani yake ana haki, na mwalimu hana budi kumheshimu. Ninachoomba ni kuwa aikatae akijua ni nini, wala asimnyime mwanawe Kiswahili kwa sababu ya tafsiri mbovu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nasi tukilijua zimwi kwa jina lake, halitatulia watoto darasani.