Siku Moja Zaidi Huntsville

Drafti ya NFL, ile hafla ambapo timu za futiboli ya Kimarekani hugawana wachezaji wapya kutoka vyuoni, huanza saa tisa usiku kwa saa zetu. Kila Aprili mimi na binamu yangu hukesha sebuleni kwake Umoja, chai kwenye thamosi, bando ikiisha tunachanga nyingine. Ugonjwa huu tuliupata 2013, Daniel Adongo wa raga yetu aliposajiliwa na Indianapolis Colts. Adongo hakukaa sana kule. Sisi tulibaki.

Huwa tunagombana juu ya nafasi moja tu: mpokeaji wa pembeni, yule jamaa anayechomoka kandokando ya uwanja kuufuata mpira uliorushwa na kwotabeki. Binamu anaamini sekunde. Akisikia kijana amekimbia yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu, kwa sekunde 4.3, kwake kesi imeisha. Mimi huuliza: alikimbia wapi, na siku hiyo hali ya uwanja ilikuwaje? Anadhani namchokoza tu. Lakini swali hilo nililipata kwa mzee mmoja wa Pittsburgh, na hebu nikueleze alivyolitumia.

Bill Nunn alikuwa mwanahabari kabla ya kuwa msaka vipaji. Alifanya kazi Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi, na kila mwaka alichapisha kikosi chake cha wachezaji bora kutoka vyuo vya watu weusi. Vyuo hivyo vilikua wakati vyuo vingine vya Kusini vilikuwa vimewafungia weusi mlango, na hata katikati ya miaka ya 1960 timu nyingi kubwa za vyuo vya Kusini hazikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Kwa hivyo vipaji vilikuwa vimerundikana mahali ambapo wasaka vipaji wengi wa NFL walipita kwa haraka, kama walipita kabisa. Pittsburgh Steelers, timu ya mji wake, ilimuudhi Nunn kwa hilo, na hakuficha. Dan Rooney, mwana wa mwenye timu, akamwita wazungumze. Mwishowe akampa kazi.

Ndipo tunafika kwa John Stallworth, mpokeaji wa chuo cha Alabama A&M, Huntsville. Kabla ya drafti ya 1974, wasaka vipaji wa timu kadhaa walifika pamoja kumpima. Uwanja ulikuwa umelowa. Stallworth akakimbia, saa zikabonyezwa, muda ukatoka mbaya. Wenzake Nunn wakaandika namba kwenye madaftari wakaenda zao, maana kulikuwa na chuo kingine cha kufika. Nunn akasema hajisikii vizuri, wamwache apumzike. Kesho yake akampeleka Stallworth mahali pakavu, akabonyeza saa upya, na kijana yuleyule akawa na kasi nyingine.

Hivyo ndivyo hadithi inavyosimuliwa. Husemwa pia kwamba alichukua filamu za mechi za Stallworth na hakuwa na haraka ya kuzipitisha kwa timu nyingine. Ukitaka kumwita mjanja, mwite.

Kocha Chuck Noll alimtaka Stallworth katika raundi ya kwanza kabisa. Akashawishiwa asubiri. Steelers wakamchukua mpokeaji mwingine, Lynn Swann, halafu Jack Lambert katika raundi ya pili, na Stallworth akawa bado yupo katika raundi ya nne, chaguo la 82. Kamari hiyo iliwezekana kwa sababu timu nyingine zilikuwa zimeshika ule muda wa matope. Raundi ya tano wakamchukua Mike Webster. Wote wanne leo wako katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo. Stallworth alishinda Super Bowl mara nne, na ile ya Januari 1980 ndiye aliyedaka mpira wa yadi 73 uliowarudisha Steelers mbele ya Rams.

Lakini kuna kitu hunikwaza katika hadithi hii tamu. Katika drafti mchezaji hachagui timu, na kadiri anavyochelewa kuitwa ndivyo mshahara wa kuanzia unavyopungua. Nunn alijua kasi halisi ya Stallworth, na kunyamaza kwake kuliinufaisha timu. Kijana mwenyewe akaingia kazini kwa bei ya raundi ya nne. Nunn, mtu aliyeandika miaka mingi kuhusu vijana wasioonekana, safari hii alihitaji mmoja wao abaki haonekani kwa wiki chache zaidi. Simlaumu sana. Kama angepiga kelele, pengine timu nyingine ingemchukua, na sijui kama huko angepata mtu wa kukaa siku moja zaidi kwa ajili yake.

Miaka kumi baadaye swali lilirudi, safari hii bila matope. Oktoba 1984 Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, alikuwa hotelini Houston usiku wa kuamkia mechi. Akawasha televisheni akaona vipande vya mechi ya Mississippi Valley State, chuo kidogo cha watu weusi kilichoko Itta Bena. Kulikuwa na kijana pale anadaka kila kitu.

Kijana huyo, Jerry Rice, alikulia Crawford, Mississippi. Baba yake alikuwa mwashi, na Rice na kaka zake walimsaidia kazini, wakirushiana matofali naye akiyadaka. Mtu wa kwanza kugundua kasi yake alikuwa naibu wa mwalimu mkuu: alimkuta Rice amehepa darasa, Rice akatimua mbio, na naibu, baada ya adhabu, akamwambia kocha wa shule alichokiona. Hiyo ndiyo mbio ya majaribio ninayoiamini kuliko zote. Hakuna anayekimbia nusunusu akifukuzwa na naibu.

Chuoni, kocha Archie Cooley aliwapanga wapokeaji upande mmoja kama foleni ya matatu, na kwotabeki Willie Totten akawarushia mpira mechi nzima. Msimu wa 1984 Rice alidaka mipira 27 ya kufunga. Namba hiyo haikuwatuliza wakosoaji. Walisema amecheza na vyuo dhaifu, na yadi 40 zake zilitajwa kuwa za sekunde 4.6 au hata 4.7. Kwa mpokeaji, huo ni mwendo wa mtu anayewahi basi bila kutaka kutoka jasho.

Walsh hakubishana na saa. Alitazama filamu. Nimetazama mikanda hiyo pia, na kitu ninachokiona ni kwamba beki akiwa nyuma yake hatua mbili, yadi 50 baadaye bado yuko nyuma hatua mbili, au tatu. Rice hapunguzi mwendo anapokata kona, wala anapougeukia mpira. Saa ya yadi 40 humpima mtu akikimbia moja kwa moja, bila kofia ngumu, bila mpira, bila mtu anayetaka kumwangusha. Wapokeaji hawalipwi kwa kazi hiyo.

49ers walikuwa mabingwa, kwa hivyo zamu yao ilikuwa ya mwisho, ya 28. Walsh akawapa New England chaguo zake za raundi tatu za kwanza ili apande hadi nafasi ya 16, akapata na chaguo la raundi ya tatu juu yake. Wapokeaji wawili walikuwa wameshachukuliwa: Al Toon na Jets, nafasi ya 10, na Eddie Brown na Bengals, nafasi ya 13. Kisha Rice akaanza msimu akiangusha mipira ya wazi, na mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Brown ndiye aliyepewa tuzo ya mshambuliaji bora mgeni wa 1985. Ungefunga hesabu Desemba ile, ungesema wakosoaji walikuwa sahihi.

Rice alicheza misimu 20. Alimaliza na yadi 22,895 za kupokea, na anayemfuata, Larry Fitzgerald, yuko nyuma kwa zaidi ya 5,000.

Binamu huwa na jibu: hayo ni ya zamani, siku hizi kuna vipimo vya kisasa. Basi namkumbusha 2017. John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22, rekodi wakati ule, akachukuliwa nafasi ya 9. Cooper Kupp wa Eastern Washington, chuo ambacho wengi hawakijui, alikimbia kwa 4.62 akangoja hadi nafasi ya 69. Ross hakudaka hata mpira mmoja msimu wake wa kwanza. Sawa, majeraha yalimwandama, na kwa hilo namwonea huruma. Kupp, msimu wa 2021, aliongoza ligi nzima kwa mipira, yadi na mabao, kisha akawa mchezaji bora wa Super Bowl.

Pengine nabishana hivi kwa sababu nyingine. Nikiwa kidato cha pili, timu moja ya vijana ilikuja mtaani kufanya majaribio ya kandanda. Ilikuwa Aprili, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mimi nilikuwa na njumu za kuazima, namba moja juu ya yangu. Wakatukimbiza kutoka goli hadi goli mara moja. Sita wa kwanza wakabaki, sisi wengine tukaambiwa asanteni. Mipira ilikuwa bado imefungwa ndani ya wavu wake kando ya uwanja. Sisemi ningekuwa mchezaji. Yawezekana sikuwa na kitu.

Nilimsimulia binamu haya Aprili iliyopita, katikati ya raundi ya kwanza, thamosi ikikaribia kuisha. Alinyamaza kidogo, akauliza njumu zilikuwa za nani. Nikamwambia ni zake, alikuwa amesahau. Kwenye skrini timu ilikuwa inangoja dakika zake ziishe, na yeye akarudi kwenye simu kutafuta yadi 40 za kijana aliyekuwa karibu kutajwa.