Samadi, Takwimu na Uamuzi: Fundisho la Unyaturu

Uongozi wa kimapinduzi haupimwi kwa wepesi wa kutoa amri. Hupimwa kwa jinsi unavyochunguza hali halisi ya wananchi kabla ya kuamua. Historia ya Mkoa wa Singida inatupa fundisho juu ya jambo hilo, na fundisho lenyewe limo katika samadi.

Mtawala wa kikoloni alipotazama ng'ombe wa mkulima wa Kiafrika aliona mali iliyolala: mifugo mingi mno, ya fahari tu, inayoharibu ardhi. Dawa yake ilikuwa kuipunguza. Mmarekani Harold Schneider, aliyefanya utafiti Unyaturu mwaka 1959 na 1960, aliuliza swali jingine: ng'ombe hao wana kazi gani? Kitabu chake cha mwaka 1970 kilionyesha kwamba mkulima wa huko hugeuza nafaka ya ziada kuwa mifugo, na samadi ya mifugo hurutubisha shamba la uwele na mtama. Nyumba, zizi na shamba vilikaa jirani kwa sababu za uzalishaji, si kwa ujinga. Wanyaturu wenyewe walilijua hilo kabla ya mtafiti yeyote.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Shabaha ilikuwa njema: shule, zahanati na maji ni vigumu kuvifikisha kwa kaya zilizotawanyika. Wanavijiji nchini, waliokuwa kama milioni 2 mwaka huo, wakapita milioni 13 kufikia 1977. Takwimu hiyo ilihesabu watu. Haikupima umbali kati ya makazi mapya na shamba lenye samadi. Aliyehamishwa aliweza kubeba milango na mabati, lakini rutuba ya miaka mingi aliiacha nyuma.

Chakula kilipopungua, wengine walilaumu ukame wa 1973 hadi 1975, wengine walilaumu uhamisho. Ukame ulikuwa wa kweli. Lakini pale ambapo mavuno hayakupimwa kabla ya watu kuhama, nani angeweza kutenganisha sababu hizo mbili? Asiyepima mwanzo hubaki kubishana mwisho.

Na hatuwezi kusema mwongozo haukuwapo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha agiza wananchi washiriki kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Mwaka 1977 Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba matokeo ya kilimo yalikuwa ya kusikitisha. Kujikosoa huko ni sehemu ya ushahidi tulio nao.

Basi kampeni yoyote ifikapo Singida leo, iwe ya alizeti au ya mifugo, kada asianze kwa kuuliza ni wangapi wametekeleza. Aanze kwa kumwuliza mkulima kwa nini anafanya anavyofanya, na jibu aliandike kabla ya lengo.